Barua ya wazi kwa wenye loji za misitu ya pwani: mpeni mwongoza wageni nguvu ya kusema hapana

Kwa wamiliki na mameneja wa loji zilizojengwa pale msitu wa mvua unapokutana na bahari, na kwa mamlaka za wanyamapori na utalii zinazowapa vibali.

Yah: Mamlaka ya mwongoza wageni mbele ya mgeni anayelipa

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mgeni wenu. Mimi ni miongoni mwa watu wanaokubali kupanda ndege ndogo, kushuka na kupanda boti, kisha kuvua viatu na kutembea majini mizigo ikiwa begani, ili mradi wafike pale miti inapoishia kwenye mchanga. Sijui mapumziko yanayozidi hayo. Usiku unalala chini ya chandarua, mawimbi upande mmoja na vyura upande wa pili, na alfajiri kima wanakuamsha kabla moto wa jikoni haujawashwa. Najua pia kwamba kuendesha mahali kama hapo ni kazi nzito. Kila kilo ya chakula na kila mtungi wa gesi vinakuja kwa boti, chumvi ya bahari inakula bati na nyaya, unyevunyevu unaozesha mbao na magodoro, na mvua kubwa zikianza vyumba vinabaki vitupu. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha biashara yenu. Nina jambo moja tu, nimeliona katika loji nzuri na katika loji mbaya, na hakuna mwingine wa kulirekebisha isipokuwa ninyi.

Mwongoza wageni wenu hana nguvu ya kumwambia mgeni hapana.

Ujuzi anao, tena mwingi. Anajua kasa aliyetoka tu majini asimulikwe. Anajua kundi lile la kima lina watoto wachanga na halipaswi kufuatwa hadi kwenye mti wa kulala. Anajua ndege fulani akichezewa sauti iliyorekodiwa ataacha kiota chake na kuja kumtafuta adui asiyekuwepo. Anachokosa ni mtu wa kumsimamia. Mshahara wake ni mdogo, kipato chake kinategemea bakshishi, na jina lake linapewa nyota na mgeni yule yule anayetakiwa kumkataza. Meneja akisoma kwenye intaneti kwamba "hatukuona kitu na mwongozaji alikuwa mkali", anayeitwa ofisini ni yeye. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atakataza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti ya chini, na mara ya tatu atanyamaza asogee pembeni. Msitu mzima unategemea kinywa cha mtu huyo, na ninyi mmekifunga.

Nieleze tukio moja, kwa kuwa mambo haya yakisemwa kwa ujumla huonekana madogo. Loji siitaji, wala nchi.

Usiku ule mwezi ulikuwa haujatoka. Kasa uziwa jike alipanda ufukweni taratibu, akijivuta hatua chache na kutulia, kila akitulia anavuta pumzi kwa kishindo hadi inasikika juu ya mawimbi. Mwongozaji wetu alitukalisha nyuma ya gogo lililoletwa na maji, akatuambia kwa kunong'ona kwamba tungoje. Kasa alifika chini ya majani ya kwanza ya msitu, akaanza kurusha mchanga kwa mapezi ya mbele mpaka mwili wake ukazama nusu. Kisha ikaja sehemu ambayo ningependa kila mmoja wenu aione walau mara moja: mapezi ya nyuma yakaanza kuchimba. Pezi moja linaingia shimoni, linajikunja kama kiganja, linachota mchanga, linautua pembeni bila kuumwaga. La pili linafagia kidogo, nalo linaingia. Zamu kwa zamu, bila kuona anachokifanya, kwa kuwa shimo liko nyuma yake.

Mgeni mmoja alichoka kungoja. Alizunguka kwa mbele, akawasha taa ya simu. Mwongozaji alisema, "Tusubiri kidogo, jamani," akasema tena, basi. Pezi lililokuwa na mchanga likasimama hewani. Kasa akakaa hivyo kwa muda, akashusha mchanga, akageuka, na kurudi baharini akiacha shimo tupu. Tuliporejea lojini yule mgeni alikuwa ameridhika na picha yake, akampa mwongozaji bakshishi mbele yetu sote. Mwongozaji akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Siwezi kumlaumu. Ana watoto wa kusomesha, na hakuna mtu katika loji ile aliyewahi kumwambia kwamba akimrudisha mgeni chumbani atabaki na kazi yake.

Kanuni aliyoshindwa kuisimamia ni rahisi, na kila anayefanya kazi na kasa anaijua. Tangu anapotoka majini mpaka anapomaliza kuchimba, jike ni mwoga. Mwanga au mtu anayetembea mbele yake humfanya aghairi. Mayai yakishaanza kushuka anatulia, na hapo ndipo watu wachache wanaweza kusogea kwa nyuma na tochi yenye mwanga mwekundu. Kinachotakiwa ni kungoja tu. Kasa aliyeghairi huenda akarudi usiku huo huo au siku inayofuata, lakini nguvu alizotumia kupanda hazirudi. Kwa msimu mmoja hutaga mara kadhaa, kwa nafasi ya wiki mbili hivi, kila mara mayai kama mia moja. Kisha hupotea baharini miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuja tena. Imemchukua miongo kufikia umri wa kutaga. Wataalamu hukadiria kwamba katika vifaranga elfu moja huenda akafikia utu uzima mmoja tu. Huyo mmoja ndiye aliyekuja mbele ya loji yenu, mnayemtangaza kwenye tovuti yenu, na aliyefukuzwa na simu.

Mkisema huyo ni mgeni mmoja mkorofi, nitawauliza nani aliyemfundisha. Angalieni picha mnazozitundika. Kasa aliyemulikwa usiku kwa mwanga mkali mkimweka kwenye ukurasa wenu wa mbele, mmeshamwambia mgeni kwamba inaruhusiwa. Kima akionekana amekaa kwenye bega la mtu, mmeshamwambia amshike. Picha ya mnyama mkubwa wa msituni iliyopigwa na kamera ya kutegwa, bila mtu karibu, mkiiweka pasipo maelezo, mgeni atafika akidai kumwona kwa umbali ule ule, na deni hilo analipa mwongozaji. Msitu wa mvua si mbuga ya nyasi. Mara nyingi unachokipata ni tawi linalotikisika, alama ya kwato kwenye tope, harufu, au sauti juu kabisa ya miti. Mwambieni mgeni hivyo kabla hajalipa. Atakayeghairi kuja kwa sababu hiyo hakuwa mgeni wenu.

Na wanaobaki hupata vitu ambavyo hawakujua kuviomba. Katika misitu ya Amerika ya Kati kuna chura wa mitini mwenye macho mekundu, yule anayeonekana kwenye mabango yote ya utalii. Jike hubandika mayai yake kwenye jani linaloning'inia juu ya maji. Ukimulika kwa tochi hafifu unaona ndani ya ute viluwiluwi vikijikunja, kila kimoja kwenye chumba chake. Mtafiti Karen Warkentin ameonyesha kwamba nyoka akianza kuyala mayai hayo, yaliyobaki huhisi mtikisiko, huanguliwa siku kadhaa kabla ya wakati na kudondoka majini. Mvua nayo hulitikisa jani, lakini kwa mvua hawatoki mapema namna hiyo. Mwongozaji mzuri akikueleza hilo huku mmesimama mbele ya jani lenyewe, hutaki kuondoka. Nimesimama mbele ya jani kama hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya mnyama mkubwa yeyote wa msituni, na katika kundi letu hakuna aliyenung'unika. Hiyo ndiyo kazi mnayomwajiri kuifanya. Mpeni nafasi aifanye.

Kuna mahali ambapo hili limeshafanyika, na mifano ipo wazi.

Tortuguero, pwani ya Karibi ya Costa Rica, ndiko mtaalamu wa kasa Archie Carr alikoanza kuwachunguza kasa katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 likaundwa shirika la kuwalinda. Hifadhi ya taifa ilifuata katika miaka ya 1970. Leo msimu wa kutaga ukifika, mgeni haruhusiwi kukanyaga ufukwe ule usiku bila mwongozaji mwenye cheti, na kamera hazipiti, hata za simu. Kijiji bado kinajaa wageni kila msimu. Nalitaja hili kwa sababu moja: pale mwongozaji hagombani na mtu. Katazo halitoki mfukoni mwake. Liliwekwa kabla yeye hajaamka asubuhi, yeye analionyesha tu kwa kidole. Mgeni anaweza kukasirika, lakini hawezi kumkasirikia yeye.

Upande wa pili wa nchi hiyo hiyo, kwenye rasi ya Osa, Hifadhi ya Corcovado ina tapiri, wanyama wakubwa wenye pua kama mkonga mfupi, wanaolala mchana kwenye matope hatua chache kutoka ufukweni, kasuku wakubwa wekundu kwenye miti ya mikungu, na aina nne za kima. Tangu mwaka 2014 hakuna mgeni anayeingia humo bila mwongozaji aliyeidhinishwa. Yaani mwongozaji si nyongeza unayoweza kuikataa ili kupunguza gharama. Bila yeye lango halifunguki. Heshima anayopewa kwa hilo tu inabadilisha namna watu wanavyomsikiliza njiani.

Mfano wa karibu zaidi na wengi wetu ni kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994. Ni banda saba tu, maji ya mvua yanayovunwa kwenye paa, vyoo visivyotumia maji, umeme wa jua. Wavuvi wa eneo hilo ndio waliofundishwa kuwa walinzi wa matumbawe na waongozaji. Usiku njia haziwashwi taa. Mgeni hupewa tochi. Hakuna anayeshuka kule akidai taa za bustani, kwa kuwa ameambiwa mapema anakwenda wapi.

Halafu kuna Gabon. Mwaka 2002 Rais Omar Bongo alitangaza hifadhi 13 za taifa kwa mpigo, baada ya mtafiti Michael Fay kuvuka misitu ya Bonde la Kongo kwa miguu kwa zaidi ya mwaka mmoja na kuishia kwenye pwani ya Loango. Huko tembo wa msituni na nyati hutembea ufukweni, na viboko wameonekana wakiingia kwenye mawimbi. Ndani ya msitu wa Loango kuna gorila waliozoeshwa watu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hoja yangu yote imo.

Kwa gorila, dunia imeshakubali kwamba mwongozaji aseme hapana. Miongozo ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya mwaka 2010 kuhusu utalii wa nyani wakubwa (gorila, sokwe na jamaa zao) inataka mgeni akae umbali usiopungua mita 7, asizidishe saa moja, avae barakoa anapowakaribia, na mwenye mafua abaki kambini hata kama ameshalipa. Sababu haikuwa ya kubuni. Mwaka 2008 watafiti walichapisha ushahidi kwamba virusi vya njia ya hewa vya binadamu ndivyo vilivyoua sokwe waliozoeshwa watu katika Hifadhi ya Taï, Kodivaa. Kuanzia hapo, mgeni anayekohoa akirudishwa, watu wanaelewa. Hakuna meneja anayemwita mwongozaji ofisini kwa sababu hiyo, au walau hapaswi.

Swali langu ni kwa nini nguvu hiyo inaishia kwa gorila. Kasa anayefukuzwa na taa, kiota kinachoachwa, tapiri anayeamshwa kwa kupigiwa makofi ili ainuke apigwe picha, hawa hawastahili mita chache na mwongozaji anayesikilizwa? Hata wageni wenyewe wanahitaji sauti hiyo. Tembo akiwa kwenye njia ya kurudi lojini jioni, mwenye kuamua kama kundi lisimame, lirudi au lizunguke lazima awe mmoja. Hamwezi kumzoesha mwongozaji mwezi mzima kunyamaza mbele ya kasa, kisha mkategemea kwamba siku ya tembo sauti yake itasikika.

Sasa niseme na wenye loji juu ya mambo ambayo mwongozaji, hata akiwa na mamlaka, hawezi kuyafuta, kwa sababu mmeyajenga ninyi.

La kwanza ni taa. Vifaranga vya kasa hutoka mchangani usiku, vyote kwa pamoja, na kuelekea pale upeo unapong'aa zaidi. Mahali ambapo hakuna mtu, panapong'aa ni bahari, na kiza kizito ni ule ukuta wa msitu nyuma yao. Hiyo ndiyo dira yao yote. Mkikata miti ya mbele ili chumba kitazame bahari, na mkiweka taa nyeupe kwenye ukumbi wa chakula, mmeigeuza dira. Vifaranga vinapanda kuja kwenu. Asubuhi utaona nyayo zao mchangani, mistari midogo inayozunguka na kurudi pale pale, mingine ikiishia kwenye tundu la kaa, mingine chini ya ngazi za baa. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wanazifagia kabla wageni hawajaamka. Miti hiyo hiyo ndiyo inayotia mchanga kivuli, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likizidi nyuzi 29 hivi, vifaranga vingi huwa majike.

Marekebisho yake hayahitaji mhandisi. Taa zishushwe chini na kufunikwa zisionekane kutoka ufukweni. Zilizobaki ziwe za rangi ya kaharabu au nyekundu, kwa kuwa macho ya kasa huvutwa zaidi na buluu na kijani. Mapazia yafungwe baada ya magharibi, na vitanda vya kuotea jua viondolewe mchangani kila jioni, maana kasa akigonga kitanda hana namna ya kukiruka. Zaidi ya yote, mwongozaji au mlinzi wa usiku awe na ruhusa ya kuzima taa za baa saa yoyote vifaranga vinapotoka, bila kwenda kumwamsha meneja kwanza. Hayo ndiyo mamlaka ninayoyasema, yakiwa mkononi kwenye swichi.

La pili ni chakula. Ndizi zinazowekwa kwenye uzio wa baraza wakati wa kifungua kinywa ili kima na ndege waje karibu haziwekwi na mwongozaji. Zinatoka jikoni, kwa maelekezo. Kisha kima anazoea, anaiba, anang'ata mtoto wa mgeni, na yeye ndiye anayeondolewa. Katika Hifadhi ya Manuel Antonio, Costa Rica, mabegi hukaguliwa langoni ili chakula kisiingie; ninyi mnakipeleka kwa sahani.

Majitaka, plastiki na jenereta mnayajua, na wakaguzi wanawauliza kila mara. Sitayarudia.

Kwenu mliopewa dhamana ya kutoa vibali, nina maombi mazito kidogo. Wekeni mamlaka ya mwongozaji ndani ya masharti ya leseni, kwa maandishi: kwamba anaweza kusitisha matembezi wakati wowote kwa ajili ya mnyama au kwa usalama, kwamba mgeni hatarudishiwa fedha kwa sababu hiyo, na kwamba loji itakayomwadhibu mwongozaji kwa uamuzi huo itajibu kwenu. Mfundisheni na mpeni cheti kinachotambuliwa na kila loji, ili akifukuzwa kwa kusimamia kanuni aweze kuajiriwa ng'ambo ya pili ya ghuba. Wapeni kipaumbele waliozaliwa kando ya fukwe hizo. Baadhi ya waongozaji bora niliowahi kuwafuata ni wale ambao wazee wao walichimbua mayai ya kasa ili kula na kuuza. Wanajua jike atapanda wapi kabla hajatokeza kichwa majini, na wanamlinda kwa sababu wanajua amepungua kiasi gani.

Kagueni usiku pia. Boti ya mchana ikimleta mkaguzi na boti ya jioni ikamrudisha, ataona vyoo, mitungi ya kuzimia moto na vitabu vya hesabu, vyote vikiwa sawa. Taa ataziona zimezimwa. Ili aione loji jinsi wanyama wanavyoiona, lazima alale pale, usiku usio na mwezi, katika msimu wa kutaga, na asimame ufukweni akitazama nyuma.

Na kabla ya kutoa kibali kingine kwenye ufukwe wenye loji tayari, jiulizeni waongozaji wangapi watakutana juu ya kasa mmoja. Kila loji ikifuata kanuni zake peke yake, kasa bado atazungukwa na makundi manne yenye adabu. Lazima pawepo mtu mmoja wa kupanga zamu, na huyo hawezi kuwa mwajiriwa wa loji mojawapo.

Kuhusu fedha, mtaniwia radhi nikisema waziwazi. Mwongozaji hawezi kuwa huru akiwa na njaa. Mlipeni mshahara unaomtosha bila bakshishi. Bakshishi zenyewe ziingie kwenye sanduku moja na kugawanywa kwa wote, mpaka nahodha wa boti na anayefua mashuka, ili mgeni asipate nafasi ya kununua hatua mbili za ziada kumkaribia mnyama. Acheni kumpima kwa idadi ya wanyama alioonyesha. Nimeona ubao ukumbini wenye orodha ya wanyama walioonekana wiki hiyo na jina la mwongozaji mbele ya kila mmoja, na wageni wanauangalia kabla ya kuchagua wa kutoka naye kesho. Ubao ule uondoeni, kwa maana ndio unaomsukuma kijana mwenye ujuzi kutikisa mti aliolala mnyama.

Mtasema wageni watalalamika. Baadhi yao, ndiyo. Lakini mgeni anayelalamika mara nyingi ni yule aliyeahidiwa. Yule aliyeambiwa mapema, kwa lugha ya kawaida, kwamba huenda asione kitu, kwamba simu itabaki chumbani usiku wa kasa, kwamba neno la mwongozaji ndilo la mwisho, huyo hufika akiwa tayari upande wenu. Na likizuka la kuzuka, meneja atoke, asimame kando ya mwongozaji wake mbele ya wageni, aseme: alichosema ndicho. Sentensi hiyo moja, ikisemwa hadharani mara moja kwa msimu, waongozaji wote wa ufukwe huo watakuwa wameisikia kabla ya jua kuzama.

Mimi kwa upande wangu, kila nitakapotaka kuweka nafasi katika loji ya namna hii, nitauliza: mwongozaji wenu akisitisha matembezi kwa sababu yangu, mtakuwa upande wa nani? Nawaomba wageni wenzangu waulize hivyo hivyo. Na ninyi nawaomba mjibu kwa maandishi kabla msimu ujao wa kutaga haujaanza, kwenye ukurasa ule ule mnapoweka bei za vyumba.

Wenu,
Mgeni wa loji zenu